Kulungu wa Terrell

Simu ilikuwa mezani, sauti juu, na mpenzi wangu Terrell alikuwa anaingiza boksi lake la mwisho kwangu. Funguo nilizomchongeshea, wa gari na wa nyumba, zilining'inia kidoleni mwake kwenye pete yenye funguo zake nyingine.

"Dada, akishahamia kwako lazima aingie kwenye bima ya gari lako," alisema mwanamke wa bima. "Bei itapanda karibu maradufu."

"Kwa sababu aligonga kulungu mmoja?" Michigan hii, nani hajagonga kulungu?

Nikamsikia akibofya kompyuta. "Hapa sioni kulungu. Naona ajali tatu, zote kagonga magari yaliyosimama kwenye taa."

Terrell akaweka boksi chini polepole. "Mpenzi, mwambie mimi mgeni tu," akanong'ona.

Kulungu yule Terrell alinisimulia mpaka macho yake. Mama yangu alimpa pole.

"Tunaweza kumtoa kwa jina kwenye bima yako, bei isipande," mwanamke akasema, "ila asiguse kabisa usukani."

"Mtoe."

Nikanyoosha mkono, Terrell akanipa funguo. Pete ya funguo ilikuwa ngumu. Ufunguo wa gari ulitoka na nusu ya ukucha wangu.

Kisha nikaanza kuuzungusha ule wa nyumba.