Wakibanana, Hulana

"Weka mikono mezani, niione yote miwili," Bosi alisema. "Na simu uizime."

Fundi aliizima. Walimwita hivyo pale ofisini kwa sababu programu zote alizitunga yeye. Aliiweka simu kando ya kikombe cha chai iliyopoa, akatandaza mikono juu ya meza kama mwanafunzi anayekaguliwa kucha. Mchoraji, mwenzake wa pekee katika kazi ile, alisimama mlangoni akitafuna kalamu.

Bosi akaivuta kompyuta upande wake. Akiushinda mchezo leo, mara ya kumi, ungegeuzwa: badala ya kufuga nyenje, mchezaji angewakanyaga. Kiatu cha kuwakanyagia alikwisha kuagiza kichorwe.

"Watu hawataki kulea wadudu, dada," alisema, kwa mara ya sijui ngapi. "Wanataka kuwaua."

"Na wakikushinda?"

"Nani, nyenje?" Bosi alicheka mpaka kiti kikalia. "Wakinishinda, mchezo unakwenda mtandaoni kama ulivyo. Herufi moja siigusi."

"Mchoraji, umesikia?"

"Nimesikia," alijibu mchoraji, kalamu mdomoni.

Ulikuwa mchezo mwepesi wa kuchezwa kwenye kivinjari. Kila upande una visanduku kumi, majani, na maji machache ya kubana matumizi. Zamu kwa zamu unatotoa mayai, unalisha, unanywesha au unaligawa kundi. Wa kwanza kufikisha nyenje wazima mia moja ndiye mshindi. Sheria moja tu ilikuwa na meno: wakibanana, hulana. Hiyo fundi hakuitoa kitabuni. Mama yake alifuga nyenje wa kuuza kwenye ndoo nyuma ya jiko miaka ishirini, na watoto wanne walisoma kwa ndoo zile. Ndiyo maana kile kiatu kilimuuma, kilimuuma hasa, kama vile kimechorwa kwa ajili yake na watu wake.

Mwanzoni aliutunga uchezwe na watu wawili, kila mmoja akiwa kwake. Bosi akakataa katakata. Nani ana muda wa kumsubiri mwenzake? Adui awe kompyuta. Basi fundi akaandika adui wa kompyuta, na adui akawa zuzu. Mara tisa Bosi akamnyoa bila maji. Jumapili mchana fundi alichoka. Alifuta mistari yote ya yule zuzu, akala akashiba, akajinyoosha kitandani.

"Intaneti ya nini?" Bosi aliuliza, jicho upande.

"Ni mchezo wa kivinjari, Bosi. Ukikata mtandao haufunguki."

Bosi alianza kwa pupa. Mayai, mayai, na mayai tena. Upande wa pili ulitotoa kidogo tu, ukaacha visanduku sita vitupu na maji hayajaguswa. Kufikia zamu ya tano Bosi alikuwa na nyenje sabini, upande wa pili kumi na wanane.

"Kompyuta yako imelala," alisema. "Iamshe basi, tusije tukaambiwa tumemwonea mgonjwa."

"Cheza, Bosi."

Zamu ya saba, upande wa pili haukucheza. Dakika moja ikapita, ikapita ya pili. Bosi akagonga skrini kwa ukucha.

"Imekwama!"

"Ngoja kidogo. Zamu si yako."

"Imekwama, nakwambia. Ndiyo akili ya wadudu hiyo."

Fundi aliiacha mikono palepale mezani. Kama ni kufukuzwa afukuzwe, lakini Bosi hangepata raha ya kumwona akimwomba. Dakika ya nne upande wa pili ukacheza: kundi zima likagawanywa kwenye visanduku vitupu, maji yote yakamwagwa kwa mkupuo mmoja.

Bosi hata hakutazama. Alikuwa ameshabofya mayai mengine. Tisini na mmoja. Tisini na sita. Mara visanduku vyake vikaanza kuwa vyekundu, kimoja baada ya kingine, na hesabu ikarudi nyuma. Themanini. Hamsini na tano.

"Wanafanya nini hawa?"

"Wanakula."

"Wanakula nini?"

"Wenzao."

Alitaka kuwagawa, hakuna kisanduku kitupu. Alitaka kuwalisha, majani yameisha. Ng'ambo ya pili nyenje waliongezeka bila papara, arobaini, sabini, tisini. Wa mia moja aliporuka, mchoraji alitoa kalamu mdomoni akapiga mluzi uliosikika mpaka mapokezi.

"Tucheze tena," Bosi alisema.

"Asiyekubali kushindwa si mshindani." Fundi aliondoa mikono mezani bila kuomba ruhusa. "Mchezo unakwenda kama ulivyo. Na hicho kiatu, Bosi, kivae mwenyewe."

Ofisi nzima hakuna aliyewahi kumjibu Bosi hivyo. Macho ya Bosi yalikuwa bado kwenye visanduku vyake vyekundu.

"Hebu niambie kitu kimoja tu. Mashine umeifundishaje subira ya namna hii?"

"Subira haifundishwi kwa wiki moja," fundi alisema, akachukua kikombe na simu yake, akatoka.

Koridoni aliegemea ukuta, akawasha simu. Ujumbe ulikuwa umetangulia kufika, kutoka kwa mama yake.

"Samahani mwanangu, pale katikati nilikwenda kuepua maharage, yalikuwa yanaungua. Huyo bwana hajui kufuga hata kidogo. Nimpige tena, au umeridhika?"