Mashapo ya Chini ya Chupa

Baba aliipindua chupa juu chini, akaitikisa mpaka likatoka tone la mwisho.

Bia hii ya chupa huwa na mashapo ya hamira chini, na baba, aliyeipika maisha yake yote katika kiwanda cha mjini kwetu, ndiye aliyetufundisha kuimimina polepole na kuyaacha mashapo ndani. Mume wangu alipokosea mara moja, baba alimtania mpaka siku ya harusi.

Sasa glasi yake ilikuwa na tope kama maji ya mtaroni. Akaonja, akafumba macho.

“Tamu,” alisema. “Mbona unanikodolea macho, binti? Unataka?”

“Baba, umemimina na mashapo.”

“Mashapo gani?”

Hakuwa akinitania. Nikasikia hatua za mama kutoka jikoni, nikaifunika glasi kwa kiganja ili asiione.

Mama aliuondoa mkono wangu taratibu. Katika mkono wake mwingine alikuwa ameshika glasi ya pili, bia safi isiyo na mashapo, ameshaimimina mwenyewe huko jikoni kama aliyezoea.

“Yako hii hapa, Wilfred,” alimwambia baba.