Taa ya Kijani

Fundi alifungua mashine ya oksijeni ya marehemu juu ya meza ya kulia, akakunja uso kama mtu aliyefunua sufuria ya mboga iliyochacha. Gundi imetapakaa, lehemu mabonge mabonge. Kazi ya kutia kinyaa.

"Umeme ulikatika, ukarudi," mjane alimweleza. "Nikachungulia, taa ya kijani inawaka. Nikatoka kuanua nguo. Kurudi, mume wangu hana pumzi."

Kaka wa marehemu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani.

"Wimbo wake ndio huo huo. Aliizima yeye huyu, kelele za mashine zilimchosha. Tunangoja ripoti tu, fundi. Jumapili ukoo unakaa. Ikithibitika ni yeye, nyumba hii anaiacha, na watoto wanabaki kwetu."

"Shemeji, jamani," mjane alisema.

Fundi aliomba wampishe afanye kazi kwa utulivu. Walipotoka, aliunganisha mashine na kifaa chake cha kupimia, akaupeleka umeme kwa mkupuo, kama wanavyojaribu kiwandani. Pampu ikanguruma vizuri. Kisha akaupandisha polepole, kama unavyorudi mitaani kwenye nyaya zilizochoka. Taa ya kijani ikawaka. Pampu kimya.

Akarudia. Kimya vilevile.

Ubongo wa mashine, kile kichipu cheusi katikati ya bodi, ulikuwa unaamka umeme ukiwa bado haujafika kiwango chake, unavurugikiwa, unaganda. Kuna kijidude cha kuuzuia usianze mpaka umeme utimie. Bei yake haifiki ya pipi. Kwenye bodi nafasi yake ilichorwa, na namba ikaandikwa, lakini palikuwa patupu.

"Washenzi," fundi alinong'ona. Mtu anabana matumizi kwenye pumzi ya mgonjwa, halafu jioni anakaa na wanawe anakula, anashiba, anacheua?

Mjane alichungulia dirishani, mtoto mgongoni.

"Umepata kitu, fundi?"

"Nakaribia kumaliza, mama."

Mjane akashusha pumzi. Tangu mazishi hakuwa na uso mwepesi kama ule. Akaenda kukaa barazani, akamshusha mtoto, akaanza kumfuta makamasi kwa upande wa kanga.

Fundi alitoa kwenye mkoba wake, wenye nembo ile ile ya mashine, kijidude kimoja kipya, akakilehemu pale palipokuwa patupu. Lehemu ilipopoa aliisugua kwa vumbi la ndani ya mashine mpaka mng'aro ukafa. Akaupandisha umeme polepole. Pampu ikanguruma. Hapo ndipo alipotoa simu na kupiga picha za ripoti.

Akawaita. Mjane alitangulia kuingia, lakini fundi alimtazama shemeji.

"Mashine yetu haina kasoro yoyote," alisema. "Ilizimwa kwa mkono."