Kidonge cha Rangi Mbili

Mwanakheri hakai, hasimami. Tangu asubuhi anazunguka kitanda cha mumewe, na kidonda cha mguuni kinazidi kunuka. Akachukua kidonge cha rangi mbili, akakifungua kama alivyofundishwa na mama yake, akaanza kunyunyiza unga wake juu ya kidonda.

Muuguzi aliyekuja kubadili bendeji akamdaka mkono. "Mama, hii dawa ni ya kumeza!"

"Kidonda kiko mguuni, tumboni kuna nini?"

Muuguzi akafunua shuka. Uvimbe ulishapita goti.

"Zote umemwagia hapo?"

Mwanakheri akapapasa chini ya mto, akapata kidonge kimoja kizima. Mumewe akakipokea kwa ulimi, akafumba mdomo. Mwanakheri akabaki na kikombe cha maji mkononi, akingoja kikoromeo cha mumewe kipande na kushuka.