Jina Moja kwenye Jiwe

Fundi wa kuchonga mawe alitaka jibu siku hiyo hiyo: jina la rubani liwemo kwenye jiwe la kumbukumbu au lisiwemo?

Wafiwa walikuwa wamebanana kwenye viti vya wanafunzi, magoti yakigonga madawati. Shule ilikuwa ikiwaazima darasa kila Jumamosi tangu ndege iliyobeba wapendwa wao ilipopotea juu ya bahari, bila kuacha hata kipande cha bawa. Kaburi hakuna. Jiwe lile ndilo ambalo wangekuwa wakilitembelea.

"Nisimchonge kwa nini?" fundi aliuliza. "Kwani naye si alikufa?"

"Alijiua," alijibu mjane wa daktari. "Na wetu akawaburuza."

Hapo wakaanza tena. Kinyozi, aliyepoteza ndugu yake, alishikilia kwamba ni dhoruba. Msichana mmoja alisema amesoma mahali kwamba sehemu ile ya bahari imekuwa ikimeza meli na ndege tangu zamani. Mjane akawakatiza: mitambo ya mawasiliano ilizimwa, kisha ndege ikageuzwa njia. Hiyo si kazi ya bahari, alisema.

"Au moto," Mama Dirishani alisema taratibu. "Nyaya zikiungua, mitambo inazimika yenyewe. Pengine aligeuza akitafuta pa kutua."

Walimwita hivyo kwa sababu siku ya kwanza, alipoulizwa mwanawe alikaa wapi, alisema mbele, dirishani, kisha akaangua kilio. Walimpenda wote. Ndiye aliyewaletea chai, ndiye aliyewashika mabega walipolia, na ndiye aliyewachekesha kwa visa vya mwanawe, mwoga wa maji, ambaye akiogeshwa utotoni mtaa mzima ulijua.

"Mama, wewe una moyo laini mno," mjane alimwambia, machozi yakimlengalenga. "Mimi wameondoka wawili, mume na binti. Nije niwawekee maua, nikute na jina la aliyewaua? Wewe ungeweza?"

Mama Dirishani alishika ukingo wa dawati. Kisha alisimama akamkumbatia yule mwanamke, tena kwa dhati, maana alijua anavyoumia.

"Basi tupige kura," alisema kinyozi. "Anayetaka jina lisichongwe ainue mkono. Ila tuwe kitu kimoja. Hata mmoja akikataa, jina litachongwa. Lakini asimame hapa mbele atueleze anamtetea kwa lipi."

Mikono ikainuka, mmoja baada ya mwingine, mwisho hata wa kinyozi mwenyewe. Ukabaki mmoja. Macho yote yakamgeukia mama wa watu, ambaye nje ya darasa lile hakuwa na mahali popote pa kulia na wenzake.

"Mama?" mjane alimwita kwa upole. "Na wewe?"

Fundi alichomoa kalamu sikioni, akasubiri.

Mama mzazi wa rubani akainua mkono.