Tiki ya Pili

Fundi Jeni alikuwa juu ya bati, kisahani cha mtandao mikononi, Mama Sila alipokuja chini ya ngazi na kumsemesha kwa sauti ya chini.

"Mwanangu, kisipopona leo nitampoteza mzee. Tangu mtandao ukatike hataki kula, hataki kuongea. Na moyo wake ndio ule uliomlaza hospitali."

Jeni alitikisa kichwa kumtuliza. Alikuwa ametoka Njombe na basi la kwanza kwa sababu mama huyu alimpigia simu akilia. Upepo wa Makambako hauna adabu. Ulikuwa umekisukuma kisahani upana wa kidole tu, na upana wa kidole ulitosha kukifanya kitazame miti ya jirani badala ya mnara ulioko kilimani. Kisahani na mnara lazima vitazamane uso kwa uso. Kimoja kikigeuka, basi, hakuna salamu.

Aliposhuka alimkuta Baba Sila sebuleni, kajisogeza kwenye jiko la mkaa, simu pajani. Bakuli lake la makande lilikuwa tupu, limekwanguliwa. Jeni alifurahi kidogo. Angalau leo alikuwa amekula.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Pole na upepo." Mzee alimwonyesha kiti. "Mtoto wetu yuko Afrika Kusini. Kazini kwake hawaruhusu kupiga, kwa hiyo tunaandikiana tu. Mama yake hataki nipitishe siku bila kumwandikia."

Jeni alikuwa na desturi yake ya kazi. Mtandao ukirudi, huwa hafungulii watu wote wa nyumba kwa pamoja. Huiruhusu simu moja kwanza, aone kama njia ni nzima, ndipo awaruhusu wengine. Safari hii aliichagua simu ya Baba Sila.

"Mwandikie mtoto, baba. Tujaribu."

Mzee aliandika taratibu kwa kidole kimoja: *Umeamkaje, Sila?* Ujumbe ukaenda. Tiki moja. Wakasubiri, mkaa ukafifia, na tiki ikabaki ile ile moja.

"Njia ni nzima," Jeni alisema. "Ujumbe umetoka humu ukafika mnarani, mnara umeukabidhi Njombe, na Njombe wameukabidhi mbele. Hakuna kituo kinachoijua safari yote. Kila kimoja kinajua tu mwenzake wa kumkabidhi. Labda yeye kazima simu."

"Hajazima. Fungulia na wengine humu ndani, utafika."

Jeni alitabasamu. Wazee na mitandao! Simu za nyumba hii zinamhusu nini mtu aliye Afrika Kusini? Lakini mkubwa habishiwi. Akafungulia.

Tiki ya pili ikaingia pale pale. Haukupita muda, jibu likafuata: *Shikamoo baba. Nimeamka salama. Vaa sweta, upepo wa leo mbaya.*

Baba Sila alilisoma kwa sauti, neno kwa neno. Kisha akainuka, akaenda chumbani kuvaa sweta.

Jeni alibaki na kompyuta mapajani, lile tabasamu limemwisha usoni. Aliifunga, akaenda jikoni.

Mama Sila alikuwa ameketi kwenye kigoda, miwani puani, mikononi simu ya kijana yenye kioo kilichopasuka. Bakuli lake la makande lilikuwa kando, limefunikwa, limepoa bila kuguswa. Hakujaribu kuificha simu.

"Pikipiki," alisema. "Tulimzika kijijini Mlangali, baba yake akiwa amelazwa hospitali ya Bulongwa. Ndugu wote tulikubaliana mgonjwa asiambiwe, moyo usije ukasimama. Alipotoka nikamwambia Sila kasafiri, kisha tukahamia huku, ambako hakuna anayetujua." Aliifuta simu kwa pindo la khanga. "Nikimjibu baba yake, najua kabisa Sila angesema nini. Saa hiyo ninakuwa naye. Usimwambie, mwanangu. Atakufa."

Jeni aliahidi hatasema. Akalia, wala hakuona aibu. Alimhurumia mama, lakini zaidi alimhurumia yule mzee anayemwandikia marehemu kila siku na kufurahi anapojibiwa.

Mgeni husindikizwa. Baba Sila, na sweta lake, alimsindikiza Jeni hadi barabarani, wakitembea polepole kwa ajili ya moyo. Walipokuwa mbali na dirisha la jikoni, alisimama.

"Siku ukirudi, niletee waya mgumu wa kukifunga kile kisahani, upepo usikisogeze tena. Mtandao ukikatika, mwenzangu hali chakula."

"Mama aliniambia wewe ndiye huli, baba."

"Ndivyo anavyosema." Mzee aligeuka, akaitazama nyumba yake. "Kule Bulongwa alisinzia kando ya kitanda changu, kilemba kikamdondoka. Kichwa kilikuwa kimenyolewa chote, kama anavyonyolewa mama aliyezika mtoto, matanga yakianuliwa. Nikakiokota kile kilemba, nikamfunika kabla hajaamka."