Chaki Mkononi mwa Zaituni

Tangu Zaituni aanze kufundishwa peke yake sebuleni kwa Mwalimu Sikitu, jibu lake lilikuwa lile lile, liwe somo la hesabu, kemia au Kiingereza: "Sijui, Mwalimu." Shuleni walikuwa wamekwisha kumwambia atarudia kidato cha tatu.

Alasiri moja mwalimu alikuwa akiandika mlinganyo wa kemia ubaoni, Zaituni akainuka.

"Samahani, Mwalimu. Hapo oksijeni imezidi."

Mwalimu akautazama ubao, akaangua kicheko. "Kweli, mwanangu! Hebu njoo urekebishe."

Zaituni akapokea chaki. Akafuta, akaandika upya. Lakini hakurudi kitini.

"Na ile hesabu ya pembetatu ya jana sikuielewa. Naomba tuirudie."

Mwalimu akaketi, na Zaituni akaanza kuchora pembetatu kubwa iliyokaribia kuujaza ubao.